Bunge la Zaire wakati wa chama kimoja

Wakati wa Mobutu inchi ilikuwa na bunge, lakini lilikuwa la chama. Katiba ya 1974 ilisema kila Mzaïrois ni mwanachama wa MPR. Bunge, lililoitwa Conseil législatif, lilikuwa kiungo cha chama hicho, na wabunge waliitwa commissaires du peuple.

Mwaka wa 1975 hakukuwa karatasi za kura. Watu walikusanyika, majina yakasomwa, wakapiga makofi. Basi, uchaguzi umeisha.

Kwa uchaguzi wa 1977, Mobutu aliruhusu wagombea wengi, wote wa MPR. Hapo wabunge walianza kuita wakubwa wa serikali na kuwauliza feza ya inchi inaenda wapi. Mwisho wa 1980, wabunge 13, Étienne Tshisekedi akiwa kati yao, walimwandikia raisi barua ya kurasa 52. Walikamatwa na kupoteza viti vyao. Mwaka wa 1982 UDPS ilizaliwa. Chama kimoja kiliisha tarehe 24 Aprili 1990.

Maulizo yanabaki hata leo: mbunge wako anaogopa nani zaidi, wewe uliyemchagua ao chama kilichomweka kwenye liste?