Kutoka Kipande hadi Akili Unde: Historia ya Kumbukumbu na Mamlaka Nchini Kenya

Utangulizi

Husemwa mara nyingi siku hizi kwamba mitambo ya habari na akili unde imeleta zama mpya kabisa katika siasa, biashara na maisha ya jamii. Kauli hiyo ina ukweli wake, lakini yafaa ipimwe kwa mizani ya historia. Nchini Kenya, desturi ya kuandika habari za mtu, kuziweka mahali asipoweza kuzifikia na kisha kumtawala kwazo, ilianza zaidi ya miaka 100 iliyopita, wakati vyombo vyenyewe vilipokuwa karatasi, wino na kijaluba cha chuma. Makala haya yanaifuatia historia hiyo tangu kipande cha mkoloni hadi mashine iamuayo nani akopeshwe. Hoja yake ni kwamba katika kila kipindi swali la msingi limekuwa lile lile: ni nani aishikaye kumbukumbu, na ni nani mwenye haki ya kuifungua?

Kipande shingoni

Kwa asili, kipande ni sehemu ndogo ya kitu kizima. Katika mashamba ya Tanganyika chini ya Wajerumani neno hilo lilitumiwa kwa kadi ya kibarua iliyotiwa alama siku zake 30 za kazi. Nchini Kenya lilipata maana nzito zaidi. Sheria ya kuwaandikisha Waafrika ilipitishwa mwaka 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, kati ya 1919 na 1920. Kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza umri wa miaka 16 alilazimika kuwa na cheti chenye jina lake, kabila lake, alama za vidole vyake, jina la mwajiri wake, mshahara wake, na tarehe za kuanza na kuacha kazi. Cheti hicho kilitiwa katika kijaluba cha chuma na kuning'inizwa shingoni. Wakikuyu walikifananisha na kengele ya mbuzi.

Nguvu ya kipande ilitokana na jinsi habari zake zilivyopangwa. Kibarua aliyeondoka shambani kabla ya mwajiri kutia sahihi alihesabiwa kuwa mtoro, na alama za vidole zilimwezesha askari kumtambua hata akibadili jina. Tena, mshahara wa zamani ulikuwa umeandikwa pale pale. Mwajiri mpya aliusoma kabla ya kutaja wake, na mfanyakazi akakosa nafasi ya kudai zaidi. Wengi wa waliokivaa hawakujua kusoma. Mtu alitembea na habari zake mwenyewe kifuani, lakini waliozielewa ni wengine.

Kwa sababu hiyo kipande kilikuwa miongoni mwa malalamiko makuu ya Harry Thuku na Chama cha Afrika Mashariki mwaka 1921, pamoja na kodi ya kibanda, kupunguzwa kwa mishahara na kulazimishwa kwa wanawake kufanya kazi mashambani. Thuku alikamatwa tarehe 14 Machi 1922. Siku 2 baadaye umati ulikusanyika mbele ya kituo cha polisi cha Nairobi kudai aachiliwe, na Mary Muthoni Nyanjiru akawa mstari wa mbele kuwahimiza wanaume wasirudi nyuma. Risasi zilipigwa, watu wasiopungua 21 wakafa, Nyanjiru mwenyewe akiwa mmoja wao. Thuku alihamishiwa Kismayu.

Mwaka 1947 ilitungwa sheria mpya ya kuwaandikisha watu wa rangi zote. Hapo walowezi wengi walinung'unika kwamba kuchukuliwa alama za vidole ni kudhalilishwa. Jambo ambalo kwa Mwafrika lilikuwa limeitwa utaratibu mwema wa serikali kwa karibu miaka 30 lilitambuliwa kuwa fedheha lilipomfikia Mzungu. Kijaluba kilitoweka, lakini neno lilibaki: hadi leo Mkenya huita kitambulisho chake kipande.

Shwari ya pesa

Mabadiliko makubwa katika biashara yalikuja kwa njia ya simu. Tarehe 6 Machi 2007 kampuni ya Safaricom ilianzisha M-Pesa. Kabla ya hapo, mfanyakazi wa mjini aliyetaka kupeleka fedha kwao alitegemea posta, dereva wa basi au ndugu anayesafiri. Fedha zilichelewa, na nyingine hazikufika. Sasa alimwendea wakala, akaweka fedha zake, na mara moja mpokeaji kijijini akapata habari. Yafaa kuzingatia kwamba ujumbe wa maandishi uliwafikia wote wawili, mtumaji na mpokeaji, kila mmoja akabaki na ushahidi mkononi. Hii ilikuwa kumbukumbu ambayo mwandikwa aliweza kuisoma. Utafiti wa Tavneet Suri na William Jack, uliochapishwa mwaka 2016, ulikadiria kwamba huduma hii ilizitoa katika umaskini familia 194,000, yaani asilimia 2 ya familia za Kenya.

Lakini kumbukumbu zile zile zilipata kazi ya pili. Mwezi Novemba 2012 ilianzishwa M-Shwari, huduma ya akiba na mikopo ambamo mashine huchunguza mwenendo wa mteja katika matumizi ya simu na fedha, kisha huamua kiasi anachoweza kukopeshwa. Mkopo wake ulikuwa wa siku 30 kwa ada ya asilimia 7.5. Mwaka 2019 ikafuata Fuliza, iruhusuyo mteja kutumia fedha kupita salio lake. Majina haya yanastahili kuangaliwa na wanafunzi wa lugha. Shwari ni utulivu wa bahari ambao baharia huuombea. Kufuliza ni kufanya jambo mfululizo pasipo kukoma. Maneno hayo ya zamani yamekuwa majina ya madeni, na la pili limesema ukweli kuliko labda ilivyokusudiwa.

Baada ya hapo zilienea programu nyingi za kukopesha, baadhi yake zikisoma orodha ya majina yaliyomo katika simu ya mkopaji na kuwapigia jamaa na wakubwa wake wa kazi ili kumwaibisha alipochelewa kulipa. Mwaka 2021 Bunge liliipa Benki Kuu ya Kenya uwezo wa kuwapa leseni na kuwasimamia wakopeshaji wa aina hii. Kwa mkopaji, tofauti ilikuwa dhahiri. Karani wa benki aliyemkatalia mtu angeweza kuulizwa sababu; mashine ilijibu kwa nambari tu.

Nambari na kura

Katika siasa, mwaka 2019 serikali ilianza kuwaandikisha wananchi kwa ajili ya Huduma Namba, iliyokusudiwa kuunganisha habari zote za mtu mahali pamoja. Miongoni mwa waliokwenda mahakamani kuipinga lilikuwa shirika la kutetea haki za Wanubi, jamii ambayo vijana wake walikuwa wamezoea kuhojiwa na kamati maalumu kabla ya kupewa vitambulisho. Hapa historia iligeuka. Mwaka 1922 watu walikufa wakidai kuachiliwa kwa mtu aliyekipinga kipande. Karibu karne moja baadaye raia walishitaki wakihofia kukikosa, kwa maana pasipo kumbukumbu hakuna kazi, shule wala matibabu. Mahakama Kuu iliamua tarehe 30 Januari 2020 kwamba mpango usiendelee pasipo kanuni za kutosha za kulinda habari za watu, na ikakataza kukusanywa kwa vinasaba. Mwezi Oktoba 2021 mahakama hiyo ikabatilisha utoaji wa kadi, kwa kuwa athari zake kwa usiri wa raia hazikuwa zimetathminiwa kwanza kama Sheria ya Kulinda Data ya 2019 ilivyotaka.

Uchaguzi ulitoa funzo hilo hilo. Baada ya machafuko ya 2007 na 2008, ambayo yaliwaua zaidi ya watu 1,100, ilitumainiwa kwamba mitambo ingeondoa shaka katika kuhesabu kura. Mwaka 2017 matokeo yalipopingwa, Mahakama ya Juu iliagiza Tume ya Uchaguzi iwafungulie walalamishi seva zake. Agizo hilo halikutekelezwa ipasavyo. Tarehe 1 Septemba 2017 majaji 4 kati ya 6 waliubatilisha uchaguzi wa rais, jambo ambalo halikuwa limetokea barani Afrika. Mwaka 2022 Tume ilitia katika intaneti fomu za matokeo kutoka vituo zaidi ya 46,000, na mwananchi yeyote akaweza kujumlisha mwenyewe. Ubishi haukwisha, lakini safari hii wabishani walikuwa na karatasi zile zile mbele yao.

Akili unde

Wakenya huita akili unde kile ambacho Watanzania hukiita akili mnemba. Kwa jina lolote, chombo hiki hujifunza kutokana na kumbukumbu za wanadamu, na sehemu ya kazi ya kuzichambua ilifanyika Nairobi. Mwaka 2023 ilifichuliwa kwamba vijana waliosoma na kuainisha maandishi ya ukatili, ili mashine ijue kuyaepuka, walilipwa chini ya dola 2 kwa saa. Wengine, waliochuja picha na maneno ya kutisha katika mitandao ya kijamii, walishitaki. Na Septemba 2024 Mahakama ya Rufani iliamua kwamba kampuni ya kigeni ya Meta yaweza kushitakiwa nchini Kenya. Swali la mwajiri na kibarua, ambalo kipande kilikuwa chombo chake, limerudi likiwa limevaa nguo nyingine.

Hata hivyo chombo hicho hicho kilitumiwa kwa njia tofauti mwezi Juni 2024. Vijana waliopinga Mswada wa Fedha walitumia programu za akili unde kuwafafanulia watu vifungu vyake, huku wengine wakiutafsiri kwa lugha za nyumbani. Andiko la kisheria lililozoea kusomwa na wachache lilijadiliwa sokoni na ndani ya matatu. Tarehe 25 Juni waandamanaji waliingia Bungeni, na damu ikamwagika. Kesho yake Rais alitangaza kwamba hatautia sahihi.

Hitimisho

Historia hii haithibitishi kwamba mitambo ni adui wala kwamba ni mkombozi. Kipande kiliwadhulumu Waafrika kwa karatasi tupu. Fomu za 2022, zilizo karatasi vilevile, ziliwapa wananchi uwezo wa kuhakiki. Kila mahali ambapo mwandikwa aliweza kusoma kilichoandikwa juu yake, mamlaka yalilazimika kujieleza. Na kila mahali alipozuiwa, alibaki na kengele shingoni, hata kama haikulia. Lugha nayo ina dhima katika jambo hili. Mkopaji wa Kitui au mpiga kura wa Lamu hawezi kudai haki juu ya kumbukumbu asiyoielewa, na kumweleza kwa Kiswahili kinachoeleweka ni sehemu ya kazi ambayo haijakamilika.