Uzi wa Hariri Kabla ya Kufumwa

Imekuwa desturi ya baadhi ya waandishi wa kigeni kudai kwamba pwani yetu ilivaa tu nguo zilizoletwa na majahazi, wala haikujua kufuma. Dai hilo halina mashiko. Neville Chittick alipochimbua Kilwa Kisiwani katika miaka ya 1960, alikuta vigae vilivyochongwa mviringo na kutobolewa katikati: ndivyo vizito vya pia za kusokotea pamba. Na kwa habari ya hariri, kasisi Monclaro, aliyefuatana na msafara wa Francisco Barreto uliotoka Lisbon mwaka 1569, aliandika kwamba nguo za hariri zilifumwa Pate peke yake, na Wareno walizichukua kuziuza kwa faida katika miji mingine.

Hariri yenyewe, hata hivyo, ilivuka bahari. Hapa ndipo watu hutucheka, na hapa ndipo sisi tunaona ufundi. Duarte Barbosa, aliyeandika karibu na mwaka 1516, aeleza kwamba wafumaji wa Sofala, iliyo Msumbiji ya leo, walikuwa na pamba yao nyeupe lakini hawakuwa na rangi. Basi walizitwaa nguo za rangi za Cambay, wakazifumua uzi kwa uzi, wakazifuma upya pamoja na nyuzi zao. Lugha yetu imeiweka kazi hiyo katika jozi moja: kufuma na kufumua.

Mwalimu anayetaka kuionja kazi hiyo na akifumue kipande cha kikoi mbele ya wanafunzi. Uzi hutoka umejikunja kama nywele. Haufai kutandwa mpaka uloweshwe na kukaushwa ukiwa umevutwa. Hariri mbichi ina taabu zaidi. Mdudu ameifunika kwa gundi, nayo huchemshwa katika maji ya sabuni hata uzito wake upungue kwa karibu robo, ndipo ing'aapo. Rangi nyingi hutanguliwa na shabu ili zishike. Nili haihitaji shabu: uzi hutoka chunguni ni kijani, ukapigwa na hewa ukawa buluu mbele ya macho. Kisha huoshwa hata maji yatoke safi, kwani rangi isiyoshika huuchafua uzi mweupe ulio jirani yake. Hukaushwa kivulini, huzungushiwa kijiti, na hapo tu mtande hutandwa. Hariri huteleza, uzi mmoja ukilegea, nguo nzima huenda kombo.

Baada ya mkataba wa 1833 kati ya Sayyid Said na Marekani, nguo ya pamba iliyoitwa merikani ilijaa masokoni kwa bei ambayo mfumaji hakuiweza. Unguja, alibakiwa na tarizi: kuufuma ukingo wa rangi katika nguo iliyokwisha kufumwa ng'ambo.