Kasri la Lord Egerton: jumba lililokosa mrithi

Ngata, kati ya Nakuru na Njoro nchini Kenya, kuna jumba la mawe lenye vyumba 52. Ujenzi ulianza mwaka 1938, ukasimama wakati wa Vita Kuu ya Pili, ukakamilika mwaka 1954. Mwenyewe, Maurice Egerton, hakulifaidi sana: alifariki mwaka 1958.

Egerton alikuwa lodi wa nne wa ukoo uliomiliki Tatton Park, jumba la mashambani huko Cheshire, Uingereza, lililochorwa na Samuel Wyatt, kisha likamaliziwa na mpwa wake Lewis. Majumba ya namna hiyo yana utaratibu wake. Upande wa mbele, kushoto na kulia hulingana. Mgeni huingilia ukumbini, akapanda ngazi pana, huku watumishi wakipita nyuma kwa ngazi zao. Ngata nako Egerton alitaka fahari hiyo hiyo, hata akaweka ukumbi wa dansi wenye kinanda kikubwa cha mabomba.

Lakini Uingereza jumba halikusimama kwa mawe peke yake. Lilitunzwa kwa kodi za wakulima waliopanga ardhi ya bwana, na baba alimwachia mwana. Bonde la Ufa, alikojenga Egerton, halikuwa na historia hiyo. Wamasai walihamishwa kutoka huko kwa mkataba wa mwaka 1904, walowezi wakagawiwa ardhi, na Waafrika wakabaki kuwa vibarua na maskwota.

Linganisha na Newala, kusini mwa Tanzania ya leo. Mjerumani Karl Weule, aliyefika huko mwaka 1906, aliwakuta Wamakonde wakiishi juu ya uwanda mkavu, vijiji vimefichwa vichakani, maji yakichotwa mbali mabondeni. Shida hiyo ilikuwa pia kinga, kwani wavamizi na wakamata watumwa walipata taabu kuwafikia. Nyumba zilikuwa za miti, udongo na nyasi. Ikichakaa moja, hujengwa nyingine, nao ukoo ukaendelea kupitia upande wa mama. Hapo hakuna aliyetegemea kuta zimhifadhie jina.

Egerton alizitegemea. Wenyeji husimulia kwamba kasri alimjengea mwanamke aliyemkataa, naye tangu hapo hakutaka mwanamke akanyage kwake. Iwe kweli au uzushi, hakuoa wala hakuacha mtoto. Alipokufa, cheo cha ulodi kilikoma, na Tatton Park ikakabidhiwa shirika la Uingereza linalotunza majengo ya kale.

Kasri sasa liko mikononi mwa Chuo Kikuu cha Egerton, na watalii hulipa kiingilio. Chuo chenyewe kilianza mwaka 1939 kama shule ya kilimo aliyoianzisha Egerton kwa ajili ya vijana wa Kizungu. Mwaka 1987 kikawa chuo kikuu kamili, na wanaohitimu humo leo ni watoto wa Waafrika ambao shule ile haikuwakusudia.