Demani Tatu Zilizoachia: Bahari Ndani ya Kiingereza cha Kila Siku

Ligi imeng'oa nanga. Mazungumzo yamegonga mwamba. Mambo yamekwenda mrama. Msomaji wa magazeti ya Kiswahili hukutana na maneno haya kila wiki, na ni wachache wanaokumbuka kwamba mrama ni kuyumba kwa chombo mawimbini. Lugha iliyolelewa ufukweni hubaki na chumvi hata ikizungumzwa Dodoma au Eldoret.

Kiingereza nacho kina chumvi yake, na nyingi ni ya zama za meli za matanga. Shuleni tumezoea kuwafundisha vijana nahau zake kwa orodha: nahau kushoto, maana kulia, mtihani Ijumaa. Njia hiyo siikubali. Kila nahau ina picha ndani yake, na asiyeiona huishia kuitumia pasipo pake.

Tuanze na "to know the ropes". Meli ya kivita ya Uingereza, HMS Victory, iliyoshushwa majini mwaka 1765 na inayohifadhiwa hadi leo Portsmouth, ilikuwa na milingoti mitatu, mizinga 104, na kamba za urefu wa zaidi ya kilomita 40. Kila kamba ilikuwa na jina lake na mahali pake pa kufungwa, na baharia alipaswa kuipata usiku wa giza, mvua ikimchapa usoni.

Mwaka 1834 kijana wa Kimarekani, Richard Henry Dana, aliacha masomo Harvard kwa sababu ya macho yaliyodhoofishwa na surua, akaondoka Boston katika meli ya Pilgrim kama baharia wa kawaida, safari ya kwenda California. Kitabu chake, Two Years Before the Mast, kilitoka mwaka 1840. Humo nahau hii imeshashuka melini: Dana anaitumia kwa nahodha aliyewahi kufika pwani ile na kuizoea. Ndivyo inavyotumika mpaka sasa. Ukiambiwa "Ask Amina, she knows the ropes", maana yake Amina ni mwenyeji wa kazi ile, anajua fomu ipi ipitie kwa nani. Haihusu ukubwa wa shahada. Daktari bingwa aliyeripoti hospitalini leo asubuhi bado hajazijua kamba za pale. Mhudumu wa mapokezi aliyekaa miaka kumi anazijua zote.

Picha inayopotea zaidi ni ya "three sheets to the wind", isemwayo kwa mtu aliyelewa chakari. Wengi tuliosoma Kiingereza darasani huona mashuka matatu yakipepea, au labda matanga. Sivyo. Kwa mabaharia wa Kiingereza, "sheet" ni kamba: ile inayoshika pembe ya chini ya tanga, ambayo mabaharia wetu wa majahazi huiita demani. Aliyewahi kusafiri kwa jahazi anajua inavyokuwa demani ikiponyoka. Tanga linapigapiga kwa kishindo, kamba inachapa huku na huko na hakuna anayethubutu kuikaribia, chombo kinapoteza nguvu na kuanza kulalia upande huu kisha ule. Sasa fikiria demani tatu zimeachia kwa pamoja. Huyo ndiye mlevi anayetafuta njia ya kwao. Ni nahau ya maongezi ya marafiki. Usiiweke kwenye barua ya kazini.

"By and large" nayo ni ya upepo. "By" ilikuwa kwenda joshi, omo ikielekezwa karibu na upepo unakotoka. "Large" ilikuwa kwenda na upepo unaosukuma kutoka upande wa tezi. Samuel Sturmy aliyaweka maneno haya pamoja katika kitabu chake cha mabaharia cha mwaka 1669. Kwa hiyo anayesema "By and large, the meeting went well" anadai kwamba ameupima mkutano kwa tabu yake na kwa nafuu yake, akaona kwa jumla umekwenda vizuri. Jambo lisilo na pande mbili, kama mwaka wako wa kuzaliwa, haliitaki nahau hii.

Na "taken aback"? Upepo hugeuka ghafla, ukapiga uso wa mbele wa tanga na kulibana kwenye mlingoti, na meli iliyokuwa ikikimbia ikasimama. Ndivyo anavyokuwa mtu aliyeshtushwa na jambo la ghafla. Mshtuko uliousubiri tangu jana hauingii hapo.

Ipo pia "loose cannon", mzinga uliokatika kamba. Mzinga mkubwa wa melini ulikuwa na uzito wa zaidi ya tani 2, juu ya magurudumu. Victor Hugo aliuchora mkasa huo katika riwaya yake ya mwaka 1874, Quatrevingt-treize: mzinga unabingirika sitahani, unasaga mabaharia na kuzibomoa mbavu za meli kutoka ndani. Ndiyo maana adui haitwi jina hili. Anayeitwa hivyo ni mtu wa upande wako, yule mwanachama asiyedhibitika anayekiumiza chama chake kila akishika kipaza sauti.

Hata hivyo, si kila hadithi ya bahari ni ya kweli. Imeenea sana ile ya neno "posh": eti matajiri waliosafiri kati ya Uingereza na India kwa meli za kampuni ya P&O walipigiwa mhuri wa herufi hizo nne kwenye tiketi, kuonyesha vyumba vya upande usio na jua, wakati wa kwenda na wa kurudi. Hadithi tamu, lakini haijapatikana tiketi hata moja yenye mhuri huo. Naomba walimu waache kuifundisha.

Hasa kwa kuwa zipo zenye ushahidi. Tarehe 21 Agosti 1740, Admirali Edward Vernon aliamuru ramu ya mabaharia wake ichanganywe na maji, sehemu 1 kwa 4, ili kupunguza ulevi. Vernon alipenda kuvaa koti la kitambaa kizito kiitwacho "grogram", na mabaharia walikuwa wakimwita Old Grog. Kinywaji kikachukua jina lake, na aliyekizidisha akaitwa "groggy". Jeshi la majini la Uingereza liligawa ramu ya mwisho tarehe 31 Julai 1970. Neno lenyewe halijastaafu: mgonjwa anayezinduka baada ya upasuaji, kichwa kizito na ulimi mzito, atamwambia muuguzi "I feel a bit groggy", hata kama hajaonja pombe maishani mwake.