Kahawa Iliyo Nusu Njia

Kwenye programu za stoo kinachonisumbua ni mali iliyo nusu njia: si malighafi tena, na bado si bidhaa. Nyeri wanaijua tangu Mpango wa Swynnerton wa 1954 uwafungulie Waafrika wengi kilimo cha kahawa. Kiwanda cha ushirika hupima cheri, huzimenya, huzichachusha, huziosha na kuzianika. Cheri kilo 100 hutoa karibu kilo 20 za kahawa yenye ganda. Hiyo hupelekwa kukobolewa, kazi iliyofanywa miaka mingi na KPCU, iliyoanzishwa 1937. Zinabaki kama kilo 15. Sasa fikiria leja yenye safu moja tu, "kilo"! Zinapungua bila wizi, na mwizi akiwepo, haonekani. Mkulima naye alisubiri mnada miezi kadhaa, mkononi ana risiti ya cheri.