Inchi 10 za Aloi: Mini na Historia ya Rimu Nyepesi

Alec Issigonis alipoanza kuchora gari dogo la kampuni ya BMC mwaka 1957, adui yake mkubwa alikuwa nafasi. Mgogoro wa Suez ulikuwa umeifanya petroli ya Uingereza iuzwe kwa mgawo, na Leonard Lord, mkuu wa kampuni, alitaka gari linalokunywa mafuta kidogo lakini linalobeba watu wazima wanne. Issigonis akailaza injini kwa upande, akaliweka giaboksi chini yake ili vyote viwili vitumie oili moja, kisha akageukia magurudumu. Gurudumu kubwa lingeingia hadi ndani na kula nafasi ya miguu ya abiria. Basi akawaomba Dunlop tairi la rimu ya inchi 10. Mini ilipozinduliwa tarehe 26 Agosti 1959, urefu wake ulikuwa mita 3.05 tu, na magurudumu yake yalikuwa yamesukumwa hadi kwenye pembe nne za gari.

Rimu zake za mwanzo zilikuwa za bati la chuma, upana wake inchi 3.5. Kwa mtu wa kwenda kazini na kurudi zilitosha kabisa. Mambo yalibadilika pale John Cooper, aliyekuwa akiunda magari ya Formula One, alipoiona Mini inavyoshika barabara kwenye kona na kuwashawishi BMC watoe toleo lenye nguvu zaidi. Mini Cooper ikatoka mwaka 1961 na breki za diski za inchi 7 mbele. Cooper S ya mwaka 1963 ikapewa diski za inchi 7.5. Fikiria diski hiyo pamoja na kifaa chake cha kubana, vyote vimeingizwa ndani ya rimu ya inchi 10. Nafasi ya hewa ilikuwa finyu mno. Dereva akishuka mlima wa Alps huku akikanyaga breki kila kona, joto lile lilihitaji pa kutokea.

Joto ni nusu tu ya habari. Nusu nyingine ni uzito. Uzito wa injini, bodi na abiria hubebwa na springi. Uzito wa tairi, rimu na breki haubebwi na springi. Gurudumu zito likipanda kibonge cha mawe huchelewa kurudi chini, na kwa muda huo tairi halishiki barabara. Kwenye gari jepesi kama Mini, ambalo badala ya springi za chuma lilitumia koni za mpira zilizobuniwa na Alex Moulton, kila kilo iliyopunguzwa kwenye gurudumu ilionekana kwenye uendeshaji wake.

Dawa ya matatizo yote mawili ilikuwa imekwisha kupatikana miaka mingi kabla. Mwaka 1924, kwenye mbio za Grand Prix za Ufaransa huko Lyon, Ettore Bugatti alileta magari yake ya Type 35 yakiwa na magurudumu ya alumini ya kusubu, yenye mikono minane bapa, na dramu ya breki ikiwa kitu kimoja na gurudumu. Wakati ule wapinzani walitegemea magurudumu ya spoku za waya. Siku hiyo haikuwa ya Bugatti, kwani matairi yalimsumbua mbio nzima, lakini wazo lilisimama: alumini hupitisha joto haraka kuliko chuma, na ukilitoa gurudumu, breki inabaki wazi mbele ya fundi.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Ted Halibrand wa Marekani alianza kusubu magurudumu ya magnesiamu kwa ajili ya magari ya mbio za Indianapolis. Sentimita moja ya ujazo ya chuma ina uzito wa karibu gramu 7.85, ya alumini, gramu 2.7, ya magnesiamu, gramu 1.74 tu. Kwa mtu wa mbio hesabu hiyo haihitaji maelezo. Lakini magnesiamu ina hasira yake. Mwaka 1955 huko Le Mans, gari la Mercedes lililoendeshwa na Pierre Levegh liliruka kuelekea kwenye watazamaji, na bodi yake yenye magnesiamu ikawaka moto ambao maji yaliuzidisha. Watu zaidi ya 80 walikufa siku ile. Magnesiamu haikusababisha ajali, ila dunia ilishuhudia metali hii inavyowaka, na tahadhari hiyo bado inamhusu kila fundi anayeshika msasa mbele ya rimu kuukuu.

Hapo ndipo inapoingia Minilite. Rimu hii ya Kiingereza ya miaka ya 1960 ilitengenezwa kwa kuilenga Mini, ikasubiwa kwa magnesiamu, na ikapewa mikono minane minene yenye mapengo ya kupitishia hewa. Haikuwa na pambo hata moja. Mikono ilikuwa minene kwa sababu magnesiamu ya kusubu huhitaji unene ili iwe imara, na mapengo yalikuwa makubwa kwa sababu breki za Cooper S zilihitaji kupumua. Uzuri wake wote umetoka kwenye kazi yake, na pengine ndiyo maana haujachuja mpaka leo.

Mini zilishinda mbio za Monte Carlo mwaka 1964 kwa mkono wa Paddy Hopkirk, mwaka 1965 kwa Timo Mäkinen na mwaka 1967 kwa Rauno Aaltonen. Mwaka 1966 zilifika za kwanza, za pili na za tatu, zikaondolewa zote kwa sababu ya taa zao, na ushindi akapewa Pauli Toivonen wa Citroën. Kikosi cha mashindano cha BMC, chenye makao yake Abingdon, kilizifanya Minilite kuwa sehemu ya sura ya magari yake, na vijana wa Uingereza waliokuwa na Mini za kawaida wakazitamani. Wasioweza kumudu magnesiamu walipata za alumini zenye umbo lile lile. Cooper naye aliuza rimu zilizopewa jina la Rose Petal, kwa kuwa umbo lake lilifanana na ua la waridi. Mwaka 1979, Mini ilipotimiza miaka 20, toleo la 1100 Special lilitoka kiwandani likiwa tayari na rimu za aloi za inchi 10. Kitu kilichoanza kama kifaa cha mbio kilikuwa sasa kwenye orodha ya bei ya dukani.

Kuanzia hapo rimu zilianza kukua. Mwaka 1984 Mini zote zilihamia inchi 12 ili zipate diski kubwa zaidi mbele, na hiyo ilikuwa sababu ya kweli. Mwaka 1990 Rover, kampuni iliyokuwa ikiunda Mini wakati huo, ilipolirudisha jina la Cooper, ilitumia rimu za inchi 12 zilizoiga Minilite. Katika miaka ya mwisho zikaja za inchi 13 pamoja na mabawa mapana ya plastiki juu ya matairi. Hizi za mwisho zinavutia macho, hilo halina ubishi, lakini ziliupa mgongo mpango mzima wa Issigonis: ni nzito zaidi, zinafanya usukani kuwa mgumu na zinaongeza mzigo kwenye beringi, kwa sababu tairi linakaa mbali zaidi na kitovu. Uzalishaji ulipokoma kwenye kiwanda cha Longbridge tarehe 4 Oktoba 2000, zaidi ya Mini milioni 5.3 zilikuwa zimeundwa, na gurudumu lake lilikuwa limeshatoka mbali na kipimo cha mwanzo.

Leo rimu za miaka ya 1970 na 1980 zinafufuliwa kwenye gereji nyingi, na kazi hiyo ina mpangilio wake. Kwanza tairi hutolewa na risasi za balansi kubanduliwa. Chini yake mara nyingi hukutwa vijistari vyeupe vinavyotambaa ndani ya laka kama mizizi: ni kutu ya alumini, iliyoingia mahali laka ilipokwaruzwa na kisha ikasafiri chinichini. Inapofika kwenye ukingo ambapo tairi linakaa, hewa huanza kuvuja polepole, na mwenye gari hubadilisha valvu na matairi bila kujua tatizo liko wapi. Mgongo wa rimu nao huwa umeng'ang'ania kwenye kitovu cha chuma, kwa kuwa chumvi na maji kati ya metali mbili tofauti huila ile iliyo dhaifu zaidi kikemikali, yaani alumini.

Baada ya hapo rangi ya zamani hutolewa kwa dawa au kwa kupigwa mchanga laini. Hatua inayofuata ndiyo inayomtofautisha fundi na mpaka rangi. Rimu huzungushwa kwenye mashine ili kuona kama imepinda, kisha hupakwa rangi nyekundu ya majimaji inayopenya, hufutwa, na kunyunyizwa unga mweupe. Penye ufa mwembamba usioonekana kwa jicho, wekundu hurudi juu na kuchora mstari. Ufa kwenye mkono au kuzunguka tundu za nati maana yake rimu hiyo imemaliza kazi. Kuichomelea na kuipaka rangi ni kumtega mwenye gari. Za magnesiamu zinahitaji uangalifu zaidi: miaka hamsini ya unyevu huila metali hiyo mpaka ndani, vumbi lake la msasa hushika moto, na wenye busara huzitunza za asili kama kumbukumbu na kuendeshea za alumini.

Zilizopita kipimo hupakwa praima, kisha rangi ya unga inayookwa kwa joto la karibu nyuzi 200. Joto hilo halipaswi kuzidishwa wala kurefushwa, kwa maana aloi iliyokazwa kwa joto kiwandani inaweza kulainika. Kisha huja kufunga. Rimu ya aloi ni nene kuliko ya bati, kwa hiyo nati za zamani haziingii vizuri; zinahitajika zenye urefu na umbo linalolingana na tundu. Nati hukazwa kwa kupishana, kwa spana ya kupima nguvu, kisha hukaguliwa tena baada ya gari kutembea kilomita chache.

Umbo la Minilite nalo lilisafiri. Huko Yokohama, kampuni ya RS Watanabe, iliyoanzishwa mwaka 1968, ilijijengea jina kwa rimu ya mikono minane inayofanana nayo sana, na kutoka kwenye mbio za Japani sura hiyo ikaenea kwenye magari madogo ya huko. Magari hayo, yakiwa yametumika, ndiyo yanayoshuka bandari za Mombasa na Dar es Salaam. Mgongoni mwa rimu nyingi za Kijapani kuna herufi JWL, alama ya kiwango cha Japani cha rimu za aloi, na karibu nayo huandikwa upana na kipenyo.

Nambari hizo, pamoja na kipimo cha duara la nati, zinafaa kusomwa kabla ya kulipa. Nati nne za Mini zimekaa kwenye duara la milimita 101.6, yaani inchi 4 kamili. Za Toyota Vitz zimekaa kwenye duara la milimita 100. Rimu ya moja huonekana kana kwamba inaingia kwenye nyingine, na wapo wanaoilazimisha kwa kukaza nati kwa nguvu. Nati hukaa upande badala ya katikati, huvutwa kila gurudumu linapozunguka, na hulegea zenyewe gari likiwa barabarani.