Mikono Iliyoshika Maiti

Katika La Peste, riwaya ya mwaka 1947, Albert Camus anamficha msimulizi wake hadi karibu na mwisho. Ndipo tunapojua kuwa ni Daktari Rieux mwenyewe, aliyekuwa akijitaja muda wote kama mtu baki. Wahakiki husifu mbinu hiyo: tabibu aliyezidiwa na wagonjwa hana nafasi ya kusema “mimi”. Sawa. Ila mimi hunaswa zaidi na watu wa Oran, mji wa riwaya hiyo uliovamiwa na tauni, ambao hawapewi hata nafasi ya kujificha, yaani wachimba makaburi. Tauni inawamaliza, wanaletwa wengine. Camus anatueleza bila kupepesa macho kwamba wafanyakazi hawakukosekana, maana umaskini ulikuwa na nguvu kuliko hofu. Makaburi yanapojaa, maiti zinapakiwa kwenye tramu usiku na kupelekwa kando ya bahari, kwenye tanuri la zamani la kuchomea maiti. Watu wanazirushia maua zikipita. Waliozipakia wanabaki kuwa hesabu ya nguvukazi tu.

Miaka 70 baadaye, Véronique Tadjo wa Côte d'Ivoire anaiendea Ebola ya Afrika Magharibi kwa njia nyingine kabisa. Katika En compagnie des hommes (2017) hakuna msimulizi mmoja. Mbuyu unasema, daktari aliyejifunika plastiki ndani ya hema lenye joto kali anasema, na mwanafunzi ambaye chuo chake kimefungwa, akajitolea kuchimba makaburi, naye anasema. Ni mpango wa msibani, ambapo kila mwenye lake huliweka wazi na wengine hunyamaza wakimsikiliza. Kwa afya ya akili ya mhudumu wa maiti, naona Tadjo anampita Camus, kwa kuwa anajua kwamba uchungu usiotamkwa haukomi. Hata hivyo mchimba kaburi wake ni mwanafunzi, mtu mwenye chuo cha kurudia janga likiisha. Je, asiye na pa kurudi?

Huyo alikuwepo kweli. Agosti 2014, maiti zikiwa zimejaa Monrovia na mitaa ikikataa zizikwe karibu nayo, serikali ya Liberia iliamuru zichomwe. Mahali pa kuchomea palikuwepo: Boys Town, nje ya jiji, palipojengwa na jamii ya Wahindi kwa ajili ya wafu wao. Vijana wa Kiliberia wakaajiriwa kufanya kazi ambayo mila zao hazikuwa nayo. Liberia ina siku maalumu ya makaburi, Jumatano ya pili ya Machi, ambapo familia hufyeka nyasi na kupaka chokaa makaburi ya wazee wao. Aliyechomwa hana kaburi la kupakwa chokaa, na lawama ikamwangukia aliyewasha moto. Uchomaji ulikoma mwishoni mwa Desemba, lilipopatikana eneo la kuzikia la Disco Hill. Vijana wale walitengwa na ndugu na majirani, na baadhi wakazama kwenye pombe.

Sasa linganisha na Varanasi, India, ambako moto wa maiti ni kazi ya kurithi ya watu wa tabaka la Dom. Jamii inawadharau na kuwaona najisi, nami sitaki kuupamba ubaguzi huo. Lakini Mdom ana wenzake, ana jina la kazi yake, na wafiwa wanajua kwamba bila yeye maiti wao hasitiriki. Kijana wa Boys Town alipewa unajisi huo bila hata kimoja katika hivyo.

Pwani yetu ina mpango ulio bora zaidi kwa mhudumu. Kuosha maiti ni faradhi ya kifaya: wakitimiza wachache, wote wamesalimika, wakiacha wote, wote wana dhambi. Muoshaji anatia majani ya mkunazi na karafumaiti kwenye maji, anaosha huku mwili umefunikwa kitambaa, na aibu yoyote aliyoiona haitoki nje ya chumba kile. Akimaliza, yeye mwenyewe hukoga, kisha huketi na wafiwa akala nao. Kule kukoga na kule kula pamoja humtenga mtu na mauti aliyoyashika. Anarudi kuwa jirani.

Korona ilikata pale pale, kwenye kurudi huko. Aprili 2020 huko Siaya, Kenya, marehemu alizikwa usiku bila jeneza, na watu waliovaa mavazi ya kujikinga, picha zikasambaa na nchi ikachemka. Hasira ilikuwa ya haki. Lakini katika mjadala wote ule waliofukia kaburi walitajwa kwa mavazi yao tu. Nyumba waliyorudi alfajiri ile, na kama kuna aliyethubutu kula nao sahani moja, havikuwa habari ya mtu.